KINACHOLILA BOMBA KI NDANI YAKE



Alfajiri ya tarehe 19 Agosti 2000, watu 12 wa ukoo mmoja walikuwa wamepiga kambi kando ya mto Pecos, karibu na mji wa Carlsbad, jimbo la New Mexico, Marekani. Jirani nao lilipita bomba la gesi asilia lenye kipenyo cha inchi 30, mali ya kampuni ya El Paso. Bomba lilipasuka, gesi ikashika moto, nao moto ukawaka kwa dakika 55. Wote 12 walikufa, watoto wakiwamo.

Hakuna aliyelihujumu bomba hilo. Lililiwa na kutu kutoka ndani. Gesi itokayo ardhini huweza kuja na maji, hewa ya ukaa na hata salfa. Maji yakituama mahali bomba linapoinama, huchanganyika na hewa hizo yakawa tindikali; na bakteria waishio katika tope hilo huzidisha madhara. Chuma hutobolewa vishimo vishimo, huku nje kikionekana kizima. Pale lilipopasukia, ukuta wa bomba ulikuwa umepoteza zaidi ya nusu ya unene wake.

Je, tuseme ilikuwa bahati mbaya? Twakataa. Mwaka 2003 Bodi ya Taifa ya Usalama wa Usafiri ya nchi hiyo ilitamka wazi kwamba mpango wa kampuni ulishindwa kuizuia kutu ya ndani, kuigundua na kuidhibiti. Tena iliongeza jambo lituhusulo zaidi: ukaguzi wa serikali uliofanywa kabla ya ajali haukuyabaini mapungufu ya mpango huo. Mwenye mali alikuwapo, na mlinzi alikuwapo. Lakini kazi ya kulinda haikufanyika.

Wala dawa ya kutu hii si siri. Gesi hukaushwa kabla ya kuingizwa bombani. Chombo cha kusafishia husukumwa na gesi yenyewe kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, kikikomba maji na uchafu. Dawa za kuzuia kutu hutiwa ndani. Vipande vya chuma hutundikwa humo, kisha hutolewa na kupimwa uzito ili kujua kiasi kilicholika. Unene wa ukuta hupimwa kwa mawimbi ya sauti. Lakini sehemu ile iliyopasuka Carlsbad haikujengwa iweze kupitisha chombo cha kusafishia.

Kwa nini twayasema haya kwetu? Kwa sababu tangu mwaka 2004 gesi ya Songo Songo husafiri kwa bomba hadi Dar es Salaam, na mwaka 2015 likakamilika bomba kubwa la inchi 36 kutoka Mtwara. Hatusemi mabomba haya yameoza; hatuna ushahidi huo, na kumtia mtu hofu bure ni dhuluma. Wala hatuipingi gesi, ambayo huwasha taa zetu na kuendesha viwanda vyetu. Twajua pia kwamba iko mitambo ya kuisafisha huko Madimba na Songo Songo. Tusemalo ni hili: bomba huzeeka, na mwanakijiji alimaye jirani nalo hawezi kuiona kutu iliyo ndani. Hana budi kutegemea neno la mwingine. Kwa hiyo ana haki ya kuambiwa neno hilo, tena kwa lugha aielewayo.

Wako watakaotujibu kwamba hayo ni mambo ya wataalamu. Ni kweli, kupima ni kazi ya wataalamu. Lakini hata Carlsbad walikuwapo wataalamu. Kuuliza kama vipimo vimefanyika, lini, na vimeonyesha nini, hakuhitaji shahada.

Basi, viongozi wa walei, yapelekeni maswali haya katika mikutano ya vijiji na mitaa: Bomba lipitalo kwetu lilikaguliwa ndani lini mara ya mwisho? Nani alikagua, na nani alimkagua mkaguzi? Palipoonekana kasoro, limefanyika nini? Majibu yaandikwe kwa Kiswahili na kubandikwa penye ofisi ya kijiji. Anayetunza vema hatapungukiwa kitu kwa kujibu. Na asiyetaka kujibu, hatuna budi kumuuliza tena.