Sahihi ya Mwenye Mwili

KIBARAZANI, na Athumani Mwinyikai

Ghadhabu niliyo nayo wiki hii si ya bei ya sukari, wala si ya yule beberu wa jirani yangu ambaye ninyi wasomaji mwamjua kwa mwendo na kwa harufu kuliko mnavyowajua wabunge wenu. Ni ghadhabu ya karatasi. Mtu mzima, hai, mwenye akili timamu, amekwenda kwa miguu yake mwenyewe kuwaandikia wanafunzi wa udaktari mwili wake, wauchukue siku atakayokufa, bure, pasi na kudai ujira wala shukrani, akajibiwa na kijana aliyeketi nyuma ya meza ya kwamba sahihi yake haitoshi.

Mtu mwenyewe ni Mwalimu, yule yule ambaye kila nikikosea jina la samaki katika safu hii hunisahihisha kwa sauti mbele ya watu. Ni Mtaita wa upande wa Wundanyi, mgane wa miaka mingi, aliyefundisha elimu ya viumbe katika skuli za pwani hata akastaafu, na kila jioni hunywa kahawa yetu chungu na kuzikataa tende zetu. Azma hii hakuipata jana. Asema amewapasulisha watoto wa watu vyura umri wake wote, na kwamba ni haki zamu yake nayo ifike. Fauka ya hayo, yeye hushikilia kwamba jambo hili si geni kwao, kwa kuwa wazee wa kale wa Taita walikuwa na desturi ya kuyafukua mafuvu ya wakubwa wao na kuyapanga katika mapango ya mawe, na baadhi yake yapo hata leo, ili walio hai wapate mahali pa kwenda kusema na wahenga wao. "Babu zangu walibakiza kichwa," aliniambia, "mimi nabakiza na kiwiliwili."

Barazani rai ziligawanyika, kama ilivyo ada yetu. Shehe alisema maulamaa wa zama hizi wamekhitilafiana, wako waliolikataza jambo hili kwa ajili ya hishima ya maiti na wako walioliruhusu kwa dharura ya elimu ya tiba, kisha akaomba kikombe kingine, nayo ni dalili yake ya kwamba hataki kuulizwa zaidi. Mimi nilisema, na leo narudia kwa maandishi, ya kwamba sanda yangu ipo sandukuni, na nikifa asubuhi nataka nizikwe kabla ya laasiri. Basi asidhani mtu kwamba nimetumwa na chuo chochote kuwashawishi. Nilifuatana na Mwalimu kwa sababu moja tu, nayo ni kwamba alihitaji shahidi, na mimi, kwa bahati mbaya, nilikuwa nimemaliza gazeti.

Ofisi tuliyoingia sitaitaja, kwa kuwa yule karani ana mama. Wale walioisoma safu hii tangu zamani wanamjua Bwana Muhuri, jina nililowapa makarani wote wa nchi hii wanaoamini kwamba Mwenyezi Mungu alianza kuumba wino wa muhuri kisha ndipo akaumba binadamu. Huyu alikuwa Muhuri mdogo, kijana wa heshima, shati limepigwa pasi, akatuamkia shikamoo kwa unyenyekevu uliotutia matumaini yasiyo na msingi.

"Poleni sana wazee wangu," akasema. "Marehemu ni nani?"

"Ni mimi," akajibu Mwalimu, "lakini bado."

Kijana akamtazama, akanitazama, akaitazama saa ya ukutani. Tukamweleza. Akafungua kabati, akatoa fomu iliyotolewa kivuli mara nyingi hata herufi zake zimekuwa na ndevu, akaanza kutusomea masharti kwa sauti ya mtu anayesoma hutuba. Palitakiwa nakala za vitambulisho vya watoto wote wa marehemu. Palitakiwa barua ya chifu kuthibitisha kwamba watoto hao ndio wao na hapana wengine. Palitakiwa kiapo mbele ya kamishna wa viapo kwamba hapana mgogoro katika familia, na barua ya mkubwa wa ukoo kwamba ukoo umeridhia. Palitakiwa picha mbili za marehemu, za rangi, za karibuni. Na palikuwa na nafasi imeandikwa Mahali pa Mazishi, ambayo, akasema kijana, ni lazima ijazwe, kwa kuwa fomu yenye nafasi tupu hurudishwa.

"Andika kabatini," akasema Mwalimu.

Kijana hakucheka. Akauliza watoto wako wangapi na wako wapi, na hapo ndipo nilipoona uso wa rafiki yangu ukibadilika, maana Mwalimu ana mwana Doha ambaye hupiga simu Idi na Krismasi pasipo kubagua, ana binti Voi ambaye ana maneno na yule wa Doha juu ya kiwanja, na ana kitinda mimba aliyekwisha apa kwa jina la mamake kwamba babake hatakatwa vipande kama papa wa sokoni. Watatu hawa hawajapata kukubaliana hata juu ya rangi ya lango. Leo wanatakiwa waweke sahihi zao pamoja katika karatasi moja, na baba yao akiwa hai anawatazama.

"Na mimi," akauliza Mwalimu kwa upole ule aliokuwa akiutumia, nadhani, kwa watoto walioandika kwamba popo ni ndege, "mimi sahihi yangu itakaa wapi?"

Kijana akaigeuza karatasi. Akaigeuza tena. Mwishoni kabisa, chini ya nafasi ya chifu, chini ya nafasi ya kamishna wa viapo, chini ya mstari uliowekwa kwa Matumizi ya Ofisi Pekee, palikuwa na kijumba kidogo kisichotosha hata jina la Ali, nacho kimeandikwa: Sahihi ya mtoaji (kama yupo).

Kama yupo! Hapo, wasomaji wangu, nilisimama. Nilimwambia yule kijana, kwa sauti ambayo mabibi waliokuwa kwenye foleni ya vyeti vya kuzaliwa waliisikia na wengine wakaifurahia, kwamba Sheria ya Afya ya mwaka 2017, iliyopitishwa na Bunge la Kenya na kutiwa sahihi na Rais wa Kenya, inamruhusu mtu kuusia mwili wake kwa maandishi yaliyoshuhudiwa, na kwamba shahidi ndiye mimi niliyesimama hapa na miwani yangu. Akanijibu bila ya ukali wowote, na hilo ndilo lililonichoma zaidi: "Mzee, hiyo ni sheria. Hii ni fomu."

Nikaketi.

Baadaye, foleni ilipopungua, kijana alitusogelea na kutueleza khofu yake, nami kwa insafu naiandika. Alisema: tuseme tumeupokea mwili kwa sahihi ya mzee peke yake, kesho yake ukoo unakuja na wakili na amri ya mahakama ya kuzuia, na mwingine anakuja na vijana na jeneza, atakayesimama mlangoni kuwajibu ni nani? Mzee hawezi kuja kutoa ushahidi. Hapo, lazima nikiri, Mwalimu na mimi tulitazamana, maana sote wawili tuna umri wa kuikumbuka kesi ya S. M. Otieno. Huyo alikuwa wakili wa Nairobi, mtu aliyeishi kwa sheria, akafa tarehe 20 Disemba 1986. Mjane wake, Wambui, akasema mumewe alitaka kuzikwa Upper Matasia, upande wa Ngong. Ukoo wa Umira Kager ukasema Mjaluo huzikwa kwao. Na maiti ikalala barafuni miezi mitano huku mawakili wakibishana, hata Mahakama ya Rufani ikaupa ukoo ushindi, naye akazikwa Nyalgunga, Siaya, mwezi Mei 1987. Maneno aliyoyasema kwa kinywa chake hayakumfaa kitu. Tangu siku hiyo kila karani wa nchi hii mwenye maiti mikononi huwaogopa walio hai, wala hamwogopi marehemu, na khofu hiyo ndiyo iliyozaa ile fomu yenye ndevu.

Basi nikamwuliza swali moja, swali ambalo laiti nisingaliuliza ningalirudi nyumbani na ghadhabu nusu. Hao ambao wanafunzi wanawasoma sasa hivi, leo hii, mezani, sahihi zao ziko wapi? Chifu wao nani? Mkubwa wa ukoo wao aliandika barua gani?

Kijana akainamisha kichwa. "Hao," akasema, "ni wale wasiodaiwa."

Nanyi mwawajua wasiodaiwa, maana huwasoma katika gazeti hili hili, katika yale matangazo ya herufi ndogo ambayo hospitali huyatoa kila baada ya muda, majina mengine kamili na mengine yameandikwa tu mwanamume asiyejulikana, jamaa wakitakiwa waje kuwachukua kabla ya siku chache kupita. Ni mchukuzi aliyeanguka bandarini, ni mtoto wa barabarani, ni mzee aliyekuja mjini zamani akapoteza njia ya kwao, na aghalabu ni mtu ambaye jamaa zake wapo lakini deni la hospitali limewashinda. Siku zikipita na pasitokee mtu, sehemu kubwa huzikwa na serikali ya kaunti, na baadhi yao hupelekwa vyuoni, na humu Afrika ya Mashariki hao ndio waliowafunza madaktari wetu walio wengi tangu tulipoanza kuwa na madaktari wetu. Hawakuulizwa. Kunyamaza kwao kumehesabiwa kuwa ni ridhaa, na ridhaa hiyo haikutakiwa kupigwa muhuri na mtu.

Jambo hili hatukulibuni sisi, tulilirithi. Huko Edinburgh mwaka 1828 Burke na Hare waliua watu kumi na sita na kumwuzia maiti zao Daktari Knox, kwa kuwa sheria ya wakati ule iliwapa matabibu hasa miili ya wauaji walionyongwa, na walionyongwa hawakutosha. Hare alitoa ushahidi akaachiwa. Burke akanyongwa Januari 1829, akapasuliwa mbele ya wanafunzi, na mifupa yake ipo katika chuo kikuu cha mji ule mpaka sasa. Waingereza wakatunga sheria mwaka 1832, nayo ikawaondolea matabibu haja ya wezi wa makaburi kwa kuwapa wanyonge waliokufa katika nyumba za maskini pasiwe na mtu wa kuwadai. Katika mwaka huo huo alikufa Jeremy Bentham, mwanasheria tajiri, naye aliusia apasuliwe kwa faida ya elimu, na wosia wake ukatekelezwa. Mifupa yake imevishwa nguo zake na kuketishwa katika sanduku la kioo pale University College London, kichwa cha nta juu, kofia juu ya kichwa. (Mwalimu ana picha yake. Nimemwomba asiilete tena barazani wakati wa kahawa.) Tajiri alikwenda kwa kalamu yake mwenyewe, maskini alipelekwa kwa kalamu ya msimamizi wa nyumba, na Sheria ya Anatomia tuliyo nayo sisi, Sura ya 249, ni mjukuu wa ile ya 1832.

Waingereza wenyewe wamekwisha iacha. Kwa sheria yao ya mwaka 2004, iliyoanza kutumika 2006, hapana maiti inayoingia chumba cha anatomia isipokuwa mwenyewe aliridhia alipokuwa hai, kwa maandishi, mbele ya shahidi mmoja. Jamaa hawawezi kumtilia sahihi asiyetia, na kimya cha maskini si kitu. Shahidi mmoja, wasomaji wangu. Mimi peke yangu ningalitosha.

Sisi tumeyashika mambo haya kinyume. Anayetaka tunamzuia kwa karatasi sita, na asiyeulizwa tunampitisha bila ya karatasi hata moja iliyo yake, kisha wakuu wa vyuo husimama katika mahafali kulalamika ya kwamba watu wetu, kwa mila na dini zao, hawapendi kutoa miili. Mwenye kusema hivyo na aende akapange foleni pamoja na Mwalimu. Mila haikumrudisha nyumbani siku ile, wala dini haikumrudisha. Alirudishwa na nafasi ya Mahali pa Mazishi.

Kwa hiyo nawaambia waheshimiwa wa Bunge na Seneti, hasa wale wa kwetu pwani ambao husema wanasoma safu hii, mambo mawili. La kwanza, sheria iseme wazi kwamba sahihi ya mwenye mwili, iliyoshuhudiwa, haipinduliwi na mwana wala ukoo, na kwamba chuo kilichoitii hakishitakiwi, ili yule karani apate kulala usingizi. La pili, Sura ya 249 ifutwe, na asipelekwe chuoni mtu yeyote ambaye hakusema ndiyo akiwa hai. Madaktari watasema miili itapungua. Naam, itapungua, mpaka waitengeneze ile fomu.