Uwanja upimwe kwa mechi ya Jumatano

Ukitaka kushinda uchaguzi kwenye klabu ya mkoani, usiahidi straika. Straika akikosa mabao utaulizwa ndani ya mwezi mmoja. Ahidi uwanja. Leta mchoro wa rangi, majukwaa pande zote nne, taa ndefu kwenye kona, maegesho yamejaa magari. Ukumbi mzima utapiga makofi, na hakuna atakayekuuliza kitu mpaka muhula wako uishe.

Mimi leo nauliza. Klabu ndogo ya Ligi Kuu, ile inayoanza msimu ikipigia hesabu pointi za kubaki, inajenga uwanja wa watu 10,000 ili iweje?

Jibu la haraka nalijua: "Tumechoka kuwa wapangaji." Na hoja hii si ya kuipuuza. Kirumba, Sokoine, Mkwakwani, Samora, vyote ni mali ya CCM, na klabu zinaingia pale kama mpangaji mwingine yeyote. Mwenye uwanja anachukua chake mlangoni. Nyasi zikikauka au vyumba vya kubadilishia nguo vikichakaa, uwanja unaofungiwa ni wake, lakini anayehamishiwa mkoa mwingine ni wewe. Timu inapanda basi kwenda kucheza "nyumbani", mashabiki wanabaki na redio. Hilo linauma, na anayesema haliumi hajawahi kuipenda timu ya mkoani.

Ila maumivu ni kitu kimoja, hesabu ni kitu kingine. Tukae chini tupige hesabu.

Ligi yetu ina timu 16. Maana yake mechi 15 za nyumbani kwa msimu. Kati ya hizo, mbili tu, ya Simba na ya Yanga, ndizo zinazojaza uwanja. Zilizobaki 13 ni zile za Jumatano saa 10 jioni, watu wako kazini, na wanaotaka kuona wanaona kwenye televisheni ya kijiweni.

Tuseme mechi hizo 13 zinaingiza wastani wa watu 1,200 kwa kiingilio cha Sh3,000. Hiyo ni Sh46.8 milioni kwa msimu mzima. Mechi mbili za wakubwa tuzipe watu 8,000 kila moja kwa Sh10,000. Hiyo ni Sh160 milioni. Jumla Sh206.8 milioni, kabla ya kodi na makato mengine yote.

Sasa tuseme uwanja wenyewe unajengwa kwa Sh8 bilioni, na fedha ni mkopo wa benki kwa riba ya asilimia 15. Riba peke yake ni Sh1.2 bilioni kwa mwaka. Mapato yote ya mlangoni, hata kama hukatwi senti, hayafiki moja ya tano ya riba. Hapo hujamlipa mlinzi, hujanunua maji ya kumwagilia, hujalipa umeme wa zile taa nne za kwenye mchoro. Na kipa wako bado anadai mshahara.

Kuna jambo linasahaulika zaidi. Hizo Sh206.8 milioni mnazipata hata sasa mkiwa wapangaji. Kitakachoongezeka mkihamia kwenu ni ile sehemu aliyokuwa anachukua mwenye uwanja. Tuseme ni asilimia 15: ni kama Sh31 milioni kwa mwaka. Kutumia Sh8 bilioni ili uokoe Sh31 milioni kwa mwaka, fedha yako itarudi baada ya miaka zaidi ya 250. Badilisha namba zangu utakavyo, weka kiingilio kikubwa, weka uwanja wa bei nafuu. Bado wajukuu wa wajukuu wako watakuwa wanalipa.

Wapo watakaonionyesha Chamazi. Azam FC walipanda Ligi Kuu 2008, wakajenga Azam Complex, wakachukua ubingwa wa 2013/14 bila kufungwa hata mechi moja. Yanga wenyewe wamewahi kuutumia uwanja ule kama nyumbani. Yote ni kweli. Lakini nyuma ya Azam kuna Bakhresa na unga wake, juisi zake, boti zake. Chamazi haikusubiri viingilio ili isimame. Klabu yako inayosubiri mgawo wa haki za televisheni ndipo ilipe hoteli, ikiiga Chamazi itapasuka msamba.

Kama mnadhani haya ni ya kwetu tu kwa sababu ya umaskini wetu, twendeni kaskazini mwa Uingereza, kwenye mji wa Darlington wenye watu kama 100,000. Klabu ya mji huo ilianzishwa 1883 na kwa miaka mingi ilicheza Feethams, uwanja mdogo wa kizamani, ikiwa ligi za chini na mashabiki wachache waaminifu. Mwaka 1999 akaja mwenyekiti tajiri, George Reynolds, mwenye ndoto za kufika Ligi Kuu. Mwaka 2003 akafungua uwanja mpya wenye viti 25,000, akauita kwa jina lake. Timu ilikuwa daraja la nne.

Siku ya ufunguzi walikuja watu 11,600. Haikutokea tena timu hiyo kuvuta watu wengi kiasi hicho pale, maana hata masharti ya mipango miji yaliweka ukomo wa watu 10,000. Siku za kawaida walibaki wale wale elfu mbili tatu wa Feethams, wametawanyika kwenye viti 25,000, wakishangilia unasikia mwangwi. Uwanja ulifunguliwa Agosti. Desemba ya mwaka huo huo klabu ikawa mikononi mwa wasimamizi wa mufilisi.

Wakahangaika hivyo karibu miaka tisa. Mwaka 2012 wakaondoka pale, wakashushwa madaraja manne, wakaanza upya ngazi ya tisa, tena wakiwa wapangaji kwenye mji wa jirani. Wale viti 25,000? Walichukuliwa na klabu ya raga. Mashabiki walichangishana kuiokoa timu, na waliporudi mjini kwao mwishoni mwa 2016 walikwenda kugawana uwanja mdogo na klabu nyingine ya raga. Walikimbia uwanja mdogo, wakapoteza mkubwa, wakarudi kwenye mdogo usio wao.

Kilichowaua haikuwa kujenga. Ilikuwa ni kujenga kwa ajili ya siku moja ya sherehe.

Upande wa pili waangalieni Eibar wa Hispania. Mji wao hauna watu 30,000. Walicheza La Liga misimu saba mfululizo, 2014 hadi 2021, Barcelona na Real Madrid wakija kwao, kwenye uwanja wa Ipurua usiofika watu 9,000. Walipopanda hawakukimbilia kujenga kitu cha kushangaza dunia. Waliongeza majukwaa kidogo kidogo. Wameshuka, uwanja upo, na timu ipo.

Hata hapa nyumbani mfano upo. Mtibwa Sugar, mabingwa wa 1999 na 2000, wana Manungu kule Turiani, uwanja mdogo kwenye eneo la kiwanda. Hauna majukwaa ya kutisha. Mwaka 2024 walishuka daraja, msimu uliofuata wakapanda. Jiulize wangekuwa na uwanja wa mkopo wa viti 20,000 wa kuulisha wakiwa Championship, wangerudi? Ukishuka daraja unaweza kupunguza mishahara, unaweza kuuza wachezaji. Jukwaa la zege halipungui. Deni lake linakusubiri kule kule chini.

Kwa hiyo wapangaji waendelee kuwa wapangaji milele? Hapana. Nasema tuanzie pale ambapo fedha inarudi.

Kwanza ardhi. Ekari za kutosha, zenye hati kwa jina la klabu, si kwa jina la mwenyekiti wala mfadhili wake. Ardhi haili mshahara, na kila mwaka inapanda thamani.

Pili, uwanja wa mazoezi wenye uzio, nyasi nzuri, vyumba vya kubadilishia na bweni la vijana. Huu unatumika karibu kila siku ya mwaka, wakati ule wa mashindano unatumika siku 15. Hapo ndipo anapatikana kinda wa kuuzwa, na kinda mmoja akiuzwa vizuri anaweza kuleta zaidi ya mapato ya milangoni ya msimu mzima.

Tatu, mkataba mrefu na mwenye uwanja. Tuacheni haya mambo ya kuombana kila msimu. Miaka 10 au 15, klabu itunze nyasi na vyumba, kwa malipo hayo ikate asilimia ya mlangoni na ipewe mabango yake. Mwenye uwanja atakayekataa kutunziwa mali yake bure sijui anataka nini.

Nne, hapo sasa ndipo jukwaa. Moja. La watu 1,500 au 2,000, kwenye ardhi ile ile, pamoja na fremu za maduka upande wa barabarani zinazolipa kodi hata ligi ikisimama. Likijaa Jumatano baada ya Jumatano, ongeza la pili. Lisipojaa, umeokoa mabilioni.

"Na siku ya Simba na Yanga?" Siku hizo mbili kodi uwanja mkubwa, chukua fedha yako, rudi nyumbani. Huwezi kujenga nyumba ya vyumba 20 kwa sababu ukoo mzima huja Idi na Krismasi.

Najua maneno haya hayana utamu wa mchoro wa rangi. Kiongozi atakayesimama kwenye mkutano mkuu akiahidi hati ya kiwanja na mkataba wa nyasi hatabebwa juu juu. Lakini wanachama ndio wenye klabu, na klabu ikifa ni wao watakaobaki wakisimulia kwamba zamani mkoa wetu ulikuwa na timu.

Basi siku mchoro utakapoletwa tena, pigeni makofi kidogo, kisha mmoja wenu anyooshe mkono aulize: Mechi ya Jumatano iliyopita waliingia watu wangapi? Fedha ya ujenzi inatoka wapi, na tukishuka daraja nani analipa? Hati ina jina la nani?

Akijibu yote matatu bila kutafuna maneno, jengeni. Akianza kuzungumzia siku Yanga watakapokuja, kaeni na fedha zenu.