Afadhali Dalali wa Mbuzi

Dalali wa mbuzi katika soko la mifugo la Isiolo hasifu mbuzi kwa sababu anampenda. Analipwa mbuzi akiuzwa, na kila mtu sokoni anajua hivyo. Mwenye mbuzi anajua, mnunuzi anajua, hata kijana wa kuswaga mifugo hadi kwenye lori anajua. Lakini dalali huyo huyo akisema, "Huyu ni wa fulani, si wa wizi," ameweka jina lake pale. Kesho mnyama akitambuliwa na mtu aliyeibiwa, wa kwanza kutafutwa ni dalali. Atatoa maelezo, au atatoa pesa, au atatafuta kazi nyingine, maana hakuna atakayemsikiliza tena. Utaratibu huu uko katika masoko ya mifugo ya kaskazini na unavuka mpaka hadi Somalia, na umeshika hata mahali ambapo serikali yenyewe ilishaanguka.

Dalali ametukanwa sana katika nchi hii. Kila bei ikipanda, lawama ni za dalali. Mimi leo nataka kumtetea, kwa sababu ukimlinganisha na wale wanaotupendekezea vitu kila siku kwenye simu zetu, dalali wa mbuzi ni mtu mwaminifu kabisa.

Hoja yangu ni moja. Kupendekeza ni kudhamini. Ukiniambia "jaribu hii", iwe ni simu, wimbo, hoteli au sinema, umesimama nyuma ya hicho kitu. Ikiwa hutaki kusimama, basi usiniambie nijaribu. Na ikiwa umelipwa ili uniambie, sema umelipwa, kama dalali, nijue nasikiliza nini.

Najua jibu. "Ah, ni maoni tu! Si kila mtu ana ladha yake?" Ladha ni yako, sikatai. Lakini pesa ni yangu. Mtu wa Isiolo akinunua simu kwa sababu umeisifia, na simu ikamzimikia akiwa Merti au Garbatulla, hana duka la kuirudisha pale, na pengine simu hiyo ndiyo benki yake, tochi yake na njia yake ya kujua bei ya mbuzi kabla hajapoteza siku nzima kwenda sokoni. "Ni maoni tu" ni maneno ya mtu anayetaka heshima ya kusikilizwa bila mzigo wa kuulizwa.

Tena mara nyingi si maoni. Septemba 2021, wakfu wa Mozilla ulitoa uchunguzi kuhusu Wakenya waliokuwa wakilipwa kusukuma hashitegi za kisiasa kwenye Twitter. Malipo yalikuwa kati ya dola 10 na 15 kwa kampeni moja. Hiyo ni hasira ya kununuliwa, iliyovaa nguo za hasira ya raia. Sasa jiulize: kama hasira inauzwa kwa bei hiyo, mapenzi ya mafuta ya nywele yanauzwa ngapi? Mapenzi ya chipsi je?

Kamari ndiyo iliyotufundisha kwa uchungu. Kwa miaka, watu wenye majina makubwa, wachekeshaji, wanamuziki, watangazaji, wametuonyesha simu zao na kutuambia jinsi wanavyoshinda. Walizungumza kirafiki, eti "wasee, mimi nimejaribu hii". Kijana wa bodaboda aliyeweka mia mbili za mafuta kwenye mchezo hakuona tangazo. Aliona rafiki. Ilibidi tufike Mei 2025 ndipo Bodi ya Kudhibiti na Kutoa Leseni za Kamari ipige marufuku watu mashuhuri na mainfluensa kuutangaza mchezo huo. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 46, ilishataka sheria ya matangazo ya haki, ya kweli na ya heshima. Miaka 15! Na hata sasa marufuku hiyo ni ya kamari. Kwa simu, vipodozi, dawa za kupunguza tumbo na hoteli, bado tunaambiwa "rafiki yenu nimejaribu".

Ukitaka kuona pendekezo linavyofanya kazi sawasawa, njoo uwaangalie akina mama wa maziwa ya ngamia hapa Isiolo. Maziwa yanakamuliwa kwenye maboma mbali na mji, yanaletwa kwa pikipiki na magari, yanakaguliwa, yanapoozwa kwenye friza, kisha yanapanda basi kwenda Eastleigh, Nairobi, safari ya kilomita kama 285. Ukaguzi wa kwanza ni pua na ulimi. Mama ananusa, anaonja tone, anajua kama jerikani ilifukizwa moshi vizuri, anajua kama kuna maji ndani. Kule Eastleigh mteja hajawahi kumwona. Anachojua ni kwamba maziwa ya mama fulani hayajamwangusha, na amemwambia jirani yake, na jirani amemwambia wifi yake. Siku moja ya maji kwenye maziwa inatosha kuvunja mnyororo wote huo, na habari itarudi Isiolo kabla basi halijageuka.

Wahenga walisema mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Walijua kwamba sifa ni kitu cha hatari, kinaweza kumharibu anayesifiwa. Ndiyo maana akina mama hawa hawaishi kwa sifa za jana. Kila asubuhi jerikani inanuswa upya. Na sisi tunapaswa kuwa hivyo hivyo: hoteli uliyoisifia mwaka juzi si lazima iwe hoteli ya leo. Mpishi ameondoka, nyama imepungua, chai imekuwa maji ya rangi. Anayependekeza kwa dhati hurudi kuangalia.

Tena mama wa maziwa hukwambia na ubaya. Mgeni akifika, ataambiwa maziwa haya ni mazuri, yana chumvi kidogo, lakini aanze na kikombe kidogo, maana tumbo lisiloyazoea linaweza kumkimbiza chooni usiku kucha. Akiomba susa, yaliyogandishwa, ataambiwa ni machachu kweli kweli, asije akasema hakuambiwa. Hiyo sentensi ya pili ndiyo inayokosekana siku hizi. Kila kitu ni "moto", kila kitu ni "lazima ujaribu". Mtu asiyeweza kukwambia kitu hicho hakimfai nani, huyo hajakitumia.

Chukua simu. Nokia 1100 ilitoka mwaka 2003 na ikauza zaidi ya milioni 250 duniani. Wakenya tukaiita mulika mwizi kwa sababu ya tochi yake. Ilikuwa na vitufe vilivyofunikwa visiingize vumbi na chaji iliyokaa siku kadhaa. Huku kwetu haikuhitaji mtu mashuhuri aitangaze ndipo ishike. Iliuzwa na mchungaji aliyeiangusha kwenye mawe, akaiokota, akapiga simu, na mwenzake akaona. Leo orodha za "simu 10 bora" zinanieleza juu ya kamera na wembamba. Wembamba wa nini? Hakuna anayeniambia simu inafanya nini kwenye jua la saa nane mchana la Isiolo, ikilala wiki nzima bila stima ikitegemea kipande cha sola, vumbi likiingia kila tundu. Anayejua hayo ni fundi simu wa mjini, kwa sababu zinaletwa kwake zikiwa maiti. Huyo fundi akiniambia "usinunue hii, kioo chake hakina spea", amenipa maneno ya kuaminika kuliko video 20 za kufungua kasha.

Orodha hizi zina jiografia yake pia. Zinaanza Westlands, zinapita Kilimani, zikichoka sana zinafika Naivasha. Halafu zinajiita "bora Kenya". Sisi tuliokulia huku tunajua habari hiyo. Kwa miaka mingi lami iliishia Isiolo, na wazee walikuwa wakisafiri kwenda kusini wanasema "naenda Kenya". Waraka wa Bunge nambari 10 wa mwaka 1965 ulisema fedha za maendeleo zipelekwe pale zitakapozaa zaidi, yaani kwenye mvua na reli. Sasa barabara ya lami inafika Moyale, lakini macho ya watunga orodha bado yanageukia kizuizi cha polisi cha Isiolo na kurudi.

Na mashine? Ile inayokuchagulia wimbo unaofuata na video inayofuata? Mashine inahesabu walichopenda watu wengi wanaofanana na wewe, inakupa hicho. Kilichosikilizwa na wengi kinasikilizwa zaidi, kilichosikilizwa na wachache kinazama. Wimbo wa Kiborana uliorekodiwa kwa simu harusini hauna hesabu yoyote ya kuingia nayo. Mashine haiwezi kuupendekeza, haijui upo. Ni lazima mtu autume kwa mtu.

Muziki wa Wasomali ulipona hivyo. Hargeisa ilipopigwa mabomu mwaka 1988, kanda za redio zilifukiwa ardhini ili zisiteketee. Nyingine zilikuwa mikononi mwa watu, zikinakiliwa kutoka kaseti hadi kaseti. Leo kituo cha utamaduni cha Hargeisa kimekusanya zaidi ya kaseti 10,000. Mwaka 2017 zilipotolewa baadhi ya nyimbo hizo katika albamu ya Sweet as Broken Dates, dunia ikashangaa, albamu ikateuliwa kuwania tuzo ya Grammy. Wazee wa Isiolo hawakushangaa. Kaseti za kaban zilikuwa zikipigwa huku kwenye malori na kwenye vibanda vya chai miaka yote hiyo. Nyimbo hizo ziliishi kwa sababu mtu alimwambia mwenzake, "Sikiliza hii," akamwachia kaseti, na akataka kaseti yake irudi.

Hata salamu za redio zilikuwa na adabu hiyo. Mtu ananunua kadi, anaandika jina lake na anapoishi, anataja majina ya anaowasalimu, anachagua wimbo. Wimbo ukipigwa kwenye KBC, nchi nzima inajua nani kauchagua. Ukichagua wimbo mbovu, utasimangwa sokoni wiki nzima. Tulicheka salamu tukaona ni ushamba. Lakini niambie, ni wapi leo mtu anapendekeza wimbo kwa jina lake, kijiji chake, na orodha ya watu atakaokutana nao kesho?

Kuna watakaoniambia, "Watu watafute riziki, wewe una wivu." Riziki ni halali. Nimeanza na dalali makusudi, mtu anayekula kwa kupendekeza. Hoja si malipo. Hoja ni kuficha malipo, na kukimbia mnyama akitambuliwa.

Wengine, hasa sisi wa kuandika, watasema haya ni mambo madogo. Chai, simu, nyimbo, sinema zilizotafsiriwa na DJ Afro, tuandike fasihi! Na hapo ndipo ninapokasirika zaidi. Mambo haya "madogo" ndiyo tunayotumia pesa na jioni zetu. Tumewaachia watu wa kukodi wayasemee, halafu tunalalamika kwamba vijana hawasomi wala hawajui cha kwao. Tunajifariji kwa methali, eti kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Si kweli tena. Siku hizi kibaya kina bajeti ya kutembea, na kizuri kimekaa kimya Isiolo kikisubiri kugunduliwa na mtu wa Nairobi. Nyirinyiri ya huku ni nyama iliyokaushwa, ikakaangwa, ikahifadhiwa kwenye samli, inakaa muda mrefu bila friji. Ni nani ameiandika vizuri kwa Kiswahili, akasema ipi ni laini, ipi ni ngumu kama kamba, na bei gani ni ya kuibiwa? Kimya chetu ni chetu, tusimlaumu mtu wa Westlands.

Kwa hiyo, msomaji, kuanzia leo mtu akikusifia kitu, muulize maswali manne. Umekitumia mwenyewe, na kwa muda gani? Umelipwa au umepewa bure? Hakimfai nani? Na kikiniharibikia, nikupate wapi? Akikwepa moja, shukuru, endelea na safari yako. Nawe ukitaka kusifia, jijibu manne hayo kwanza, kisha sifia kwa sauti, kwa jina lako, kwa lugha yako, hata kama ni chai ya kibanda kimoja kwenye njia ya kwenda Marsabit.

Na ukipita soko la mifugo, msalimie dalali. Muulize ni lini mara ya mwisho alilipia mnyama aliyemdhamini. Wengi watakuwa na hadithi, na watakutajia na bei.