Siku ya Mvua Si Utoro

Nilifundisha kwa mihula minne katika shule moja ya Mukuru, mwalimu wa kuajiriwa na shule, wa kulipwa wazazi wakilipa. Darasa langu lilikuwa la mabati, ukuta hadi paa. Ukitaka kujua elimu ya Kenya na mvua zinapatana vipi, ingia darasa la mabati mwezi wa Mei. Mvua ikianza, unapaza sauti. Ikizidi, unaandika ubaoni. Ikizidi zaidi, unaketi, watoto sitini wanakuangalia, mnangoja pamoja.

Kulikuwa na kijana mmoja wa Gredi ya 5. Alikuwa anaishi ng'ambo ya mto Ngong. Muhula wa pili huo alikosa siku 11. Najua kwa sababu rejista nilikuwa naijaza mimi. Asubuhi moja akafika saa tatu, amelowa hadi kiunoni, viatu mkononi. Nikamwambia apige magoti mbele ya darasa. Sikumuuliza kitu. Kichwani nilikuwa na neno moja tu: mtoro.

Jioni nikaenda kwao kumshtaki kwa mamake. Sikufika. Kivuko cha mbao nilichokuwa nakijua kilikuwa kimebebwa na maji, na mama mmoja anayeuza mihogo pale kando akaniambia ni wiki ya pili sasa. Watoto walikuwa wanavuka wakishikilia bomba la maji. Nilisimama hapo na viatu vyangu vya ngozi, nikageuka nikarudi nyumbani. Kesho yake sikumwomba msamaha, kwa sababu mwalimu wa Kenya haombi mtoto msamaha. Nauandika hapa.

Ndiyo maana siku hizi nikisikia mtu akisema kwamba Kenya haina haja ya siku za mvua kwenye kalenda ya shule, nakasirika. Siku za mvua tayari zipo. Watoto wa Mukuru, wa Mathare, wa Budalang'i na wa Tana River wanazichukua kila mwaka. Tofauti ni kwamba kwenye rejista zinaitwa utoro, na anayezilipia ni mtoto.

Hebu tukumbuke mwaka wa 2024, kwa sababu nchi hii husahau haraka sana. Muhula wa pili ulikuwa uanze Jumatatu, Aprili 29. Kufikia wikendi hiyo kila mtu alikuwa anaona mafuriko. Barabara ya Garissa ilikuwa imekatika, na Jumapili, Aprili 28, mashua iliyokuwa ikivusha watu huko ikapinduka. Usiku wa kuamkia Jumatatu, masanduku yakiwa yamefungwa na wanafunzi wengine wakiwa tayari wameshasafiri, Waziri wa Elimu, Ezekiel Machogu, akatangaza kwamba shule hazitafunguliwa hadi Mei 6. Alfajiri hiyo hiyo maji yalisomba kijiji cha Kamuchiri, Mai Mahiu, na makumi ya watu wakafa. Ijumaa, Mei 3, Rais Ruto akasema shule zitabaki zimefungwa hadi itakapotangazwa vingine. Mei 8 ikatangazwa kwamba zitafunguliwa Mei 13.

Uamuzi wa kufunga ulikuwa sawa. Hilo silipingi hata kidogo. Ninachopinga ni kwamba ulifanywa kana kwamba mvua ya Aprili ilikuwa mgeni aliyebisha hodi usiku wa manane. Masika huanza Machi na kuisha Mei. Hivyo ndivyo tulivyofundishwa darasani, na hao hao waliotufundisha ndio wanaopanga kalenda. Muhula wa pili hufunguliwa mwisho wa Aprili, wakati sehemu kubwa ya nchi iko katikati ya masika. Muhula wa tatu unaisha, na mitihani ya kitaifa inafanywa, Oktoba na Novemba, wakati wa vuli. Mwaka wa 2023, baada ya kuambiwa Oktoba kwamba El Niño haiji tena, ilikuja, na helikopta zikatumika kubeba karatasi za mtihani hadi maeneo ambayo barabara zilikuwa zimemezwa na maji. Helikopta kwa karatasi. Mtahiniwa mwenyewe ajijue.

Sasa tufanye hesabu, kwa sababu watu wengi husema "wiki mbili zilipotea" na kuacha hapo. Kutoka Aprili 29 hadi Mei 10 kuna siku 10 za kazi. Toa Mei 1, Leba Dei. Toa Mei 10, siku iliyotangazwa kuwa ya mapumziko ili tupande miti na kuwaomboleza waliokufa. Zinabaki 8. Siku 8 za masomo ndizo zilizoifanya serikali itoe tangazo usiku, kisha tangazo la pili, kisha la tatu.

Siku 8 si kitu cha kushinda nchi. Kuna sehemu za dunia zilizolimaliza jambo hili kwa sentensi moja ya kanuni. Huko Massachusetts, Marekani, tatizo lao ni theluji. Shule lazima ifundishe siku zisizopungua 180 kwa mwaka, lakini kalenda yake lazima ipangwe kwa siku 185. Hizo 5 za ziada ni akiba. Theluji ikianguka na mabasi yasiweze kutembea, mkuu wa elimu wa eneo lile anafunga shule siku hiyo, watoto wanalala, na hakuna anayeitwa mtoro. Theluji isipokuja, shule inafunga mapema mwezi wa Juni na watu wanaenda zao. Sisemi Wamarekani ni werevu kuliko sisi. Nasema wanaijua baridi yao, wakaiandika kwenye kalenda. Sisi mvua yetu tunaijua tangu enzi za mababu, na bado kalenda yetu imeandikwa kana kwamba tunaishi kwenye picha ya matangazo ya utalii.

Pendekezo langu ni hili. Tuweke siku 8 za mvua: 5 katika muhula wa pili na 3 katika muhula wa tatu, kabla mitihani kuanza. Zitoke wapi? Mwaka huo wa 2024 likizo ya Agosti ilikuwa ya wiki 3, na likizo ya mwisho wa mwaka kwa asiyekuwa na mtihani wa kitaifa ilikuwa ya wiki 10 hivi. Kalenda iseme wazi: muhula wa pili unafungwa Ijumaa hii kama siku za mvua hazikutumika, na unafungwa Ijumaa inayofuata kama zilitumika. Mzazi ajue hilo tangu Januari. Uamuzi wa kufunga usiwe wa Rais wala wa Waziri. Uwe wa mkurugenzi wa elimu wa kaunti, akiwa na ripoti ya mkurugenzi wa hali ya anga wa kaunti hiyo hiyo, kwa sababu afisa huyo yupo tayari na analipwa mshahara. Mto Tana ukivunja kingo, mtoto wa Kajiado hana sababu ya kubaki nyumbani. Na kwa siku ya kufungua shule, wakati watoto wa bweni wanapanda magari kutoka pande zote za nchi, tangazo litoke saa 48 kabla, si usiku wa manane.

Najua mtakachosema. Nimeyasikia yote, kwenye stafurumu na kwenye mathree.

La kwanza: "Watoto watapoteza masomo." Si tayari wanayapoteza? Tofauti ni kwamba siku iliyopangwa inafidiwa, na siku ya kuibiwa haifidiwi. KCSE ya 2024 ilifanywa Novemba kama kawaida. Kidato cha nne hawakuongezewa muda kwa sababu mvua ilinyesha Mei. Siku zile 8 zililipwa na wao, kwa masomo ya Jumamosi na ya alfajiri, na wale ambao shule zao zilikuwa zimejaa matope au familia zilizopoteza makao, walilipa zaidi.

La pili, na hili linapendwa sana na watu wa Kilimani: "Kuna intaneti, wasome wakiwa nyumbani." Wueh. Mwaka wa 2020 tulifunga shule mwezi wa Machi. Gredi ya 4, darasa la nane na kidato cha nne walirudi Oktoba, na wengine wote Januari 2021. Kila mtu anakumbuka ni nani aliyesoma kwa simu na ni nani aliyeenda kuuza barakoa. Hata New York, jiji lenye pesa zile zote, Februari 13, 2024 walijaribu kufundisha kwa intaneti siku ya theluji, na wanafunzi wengi wakashindwa kuingia kwenye mtandao asubuhi hiyo. Sasa wewe unataka mtoto ambaye stima imepotea tangu radi ya kwanza, na mamake ana bando la bob 20, afungue darasa la video. Tuheshimiane.

La tatu ni zito zaidi: "Badala ya siku za ziada, si tusogeze tu tarehe ya kufungua?" Hata mimi nililipenda mwanzoni. Shida ni kwamba Kenya haina mvua moja. Pwani masika hupamba moto Mei, wakati kwingine imeanza kupungua. Magharibi hunyesha karibu mwaka mzima. Ukisogeza tarehe moja kwa nchi nzima, unamtoa mmoja majini na kumtia mwingine. Ndiyo maana nasema akiba, na ufunguo wa akiba uwe kaunti.

La nne ndilo linalonifanya niseme 8 na si 20. Shule kufungwa si bure. Hapa Nairobi kuna watoto wanaokula chakula cha mchana cha shilingi 5 cha mpango wa Dishi na County, na kuna ambao hicho ndicho chakula cha maana wanachopata siku hiyo. Ukifunga shule, umefunga pia sufuria. Mama anayeenda kufua nguo za watu South B hawezi kubaki nyumbani kwa sababu shule imefungwa. Mtoto anabaki peke yake, karibu na maji yale yale tuliyokuwa tunamkinga nayo. Kwa hiyo siku ya mvua isiwe rahisi kutangazwa. Iwe chache, iwe na kikomo, na ikitangazwa, shule ambayo jengo lake ni salama iache lango wazi na jiko liwake kwa mtoto anayeweza kufika. Hakuna kufundisha somo jipya, hakuna kuita rejista. Uji na chakula tu, na mahali pakavu pa kukaa.

Na kuna wale watakaoniambia kwamba siku za mvua hazijengi daraja. Kweli kabisa. Hazizibui mtaro, hazihamishi nyumba zilizo kando ya mto, na haziwarudishii makao wale waliobomolewa Mathare na Mukuru mwezi ule ule wa Mei 2024 kwa sababu ya kuwa ndani ya mita 30 za mto. Lakini fikiria kitu kimoja. Leo, mtoto akikosa shule kwa sababu ya mafuriko, hakuna karatasi ya serikali inayosema hivyo. Inasema hakuja. Siku ya mvua ikiwa kwenye kalenda, lazima mtu aiandike: shule fulani, tarehe fulani, ilifungwa kwa sababu barabara haipitiki. Baada ya miaka mitatu una orodha. Ukienda kwa mbunge wako au kwa kaunti kudai kivuko, huendi na machozi, unaenda na orodha. Na mimi nadhani hiyo orodha ndiyo inayoogopwa kuliko gharama ya siku 8.

Kwa sababu gharama yenyewe iko wapi? Walimu wa serikali wanalipwa Agosti hata hivyo. Kinachohitajika ni mistari miwili kwenye ile kalenda ya ukurasa mmoja ambayo huwa tunatumiana WhatsApp kila mwisho wa mwaka. Kalenda hiyo ina nafasi ya likizo fupi ya katikati ya muhula. Agosti 2022 ilipata nafasi ya uchaguzi: shule zilifungwa, na tarehe ya kurudi ikasogezwa mara mbili, kwa sababu kura ni jambo la maana. Sijasikia mtu akisema wakati huo kwamba watoto wanapoteza masomo. Kwani mto ukifurika si jambo la maana?

Katiba, kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Neno "lazima" tumezoea kulielekeza kwa mtoto: lazima uje, lazima uwe na sare, lazima ufike kabla ya kengele. Upande wa pili wa neno hilo ni wa serikali. Kama ni lazima mtoto afike, basi ni lazima kuwe na njia ya kufika, na siku ambayo njia haipo, serikali ikubali hivyo kwa maandishi badala ya kumwachia mwalimu wa miaka 23 aamue kwamba mtoto aliyelowa ni mkaidi.

Kalenda ya mwaka ujao ikifika kwenye grupu yenu, usiangalie tu tarehe ya kufunga. Angalia kama kuna mtu amekumbuka mvua. Kama hakuna, uliza, kwenye mkutano wa wazazi wa mdogo wako, kwenye baraza la chifu, kwenye ofisi ya elimu ya kaunti ndogo. Uliza swali moja tu: siku za mvua ni ngapi?

Yule kijana sasa anafaa kuwa sekondari. Rejista yake ya Gredi ya 5 bado iko mahali fulani kwenye kabati, na ndani yake kuna siku 11 ambazo mwandiko wangu unasema hakuja. Alikuja. Alifika hadi mtoni.