Yule wa Jana Yuko Wapi?

Vipindi vya siasa vya mtandaoni vimetuzoesha jambo la ajabu. Wiki hii mtangazaji anambana mbunge hadi mbunge anaomba maji. Wiki ijayo kwenye kiti kile kuna sura mpya, inatabasamu, inatukaribisha kana kwamba sisi ndio wageni. Yule wa jana hatajwi.

Hapa Bariadi karani wa AMCOS akiondolewa, swali la kwanza la wakulima ni daftari limebaki kwa nani. Humo ndimo yameandikwa nani kauza kilo ngapi na nani hajalipwa. Mtangazaji wa siasa naye ana daftari, ila lake liko kichwani, na akiondoka kimyakimya anaondoka nalo.

Anayeona hili ni dogo hakuwa Simiyu msimu wa 2019. Bei ya pamba ilipangwa shilingi 1,200 kwa kilo, soko la dunia likashuka, wanunuzi wakasuasua, na watu wakakaa miezi wakiwa na stakabadhi mkononi. "Mtalipa lini?" halikuwa swali la siku moja. Lilihitaji mtu aliyeliuliza Juni alirudie Oktoba, huku anakumbuka alichojibiwa. Mgeni husikia ahadi ya zamani kama habari mpya, ndiyo maana wanasiasa wanawapenda mno watangazaji wageni.

Utetezi wa wenye studio naujua. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2018 ziliwataka wawe na leseni, na kilichopewa leseni hufungiwa. Kwanza Online TV ilifungiwa miezi 6 Septemba 2019, kisha miezi 11 Julai 2020, safari hiyo kwa kusambaza tahadhari ya ubalozi wa Marekani kuhusu Korona. Aliyeyaona hayo ana haki ya kumwogopa mtangazaji mkali. Basi aogope hadharani! TCRA ikifungia chombo, angalau inataja kosa, nasi tunaweza kulibishia. Studio inayomtoa mtu bila neno inafanya kazi ya mdhibiti, tena bila hata barua.

Wapo wanaoondoka kwa hiari, na sina ugomvi nao. Zuhura Yunus alipotoka BBC mwaka 2022 kwenda kuongoza mawasiliano ya Rais, ilitangazwa. Aliyemsikia baadaye alijua anamsemea nani. Huo ndio uungwana ninaoudai, na dakika mbili zinatosha: fulani ameondoka, sababu ni hii, ameacha maswali haya, nami naanza nayo.

Juzi nilimtazama mpya mwingine. Aliwauliza wageni wake wanauonaje mustakabali wa kilimo nchini. Walimjibu kwa nusu saa nzima, wamestarehe.