Taharuki ya Filamu na Haraka ya Kuhukumu

Filamu ya upelelezi humfanya kila mtazamaji kuwa kadhi. Robo saa haijapita, mmoja amekwisha kumtaja mwovu, na jirani yake anaapa kuwa ni mwingine, kwa sababu tu hakupendezwa na macho yake.

Hayo tuliyaona likizo iliyopita, tulipowazuru jamaa zetu wa Malakisi, mji mdogo wa Kaunti ya Bungoma, karibu na mpaka wa Uganda. Sinema ya huko ilikuwa banda la video: mabati, mabenchi na runinga moja. Mwenye banda alituachia alasiri moja, akina mama na mabinti waliokwisha kukua, kama vile bibi zetu wa Unguja walivyokuwa na maonyesho yao ya wanawake peke yao.

Tulitazama *Kahaani*, filamu ya Kihindi ya mwaka 2012 iliyoongozwa na Sujoy Ghosh. Vidya Balan anaigiza mwanamke mja mzito aliyetoka London kwenda Kolkata kumtafuta mumewe aliyetoweka. Kila anapouliza, huambiwa mtu huyo hajulikani. Anayemwinda ni wakala wa bima, mnene, mpole, mwenye tabasamu, naye huua kwa malipo. Banda zima lilimchukia Khan, ofisa mkali mwenye ulimi mchungu, na hakuna aliyemtilia shaka mtu wa bima hadi alipotoa bastola. Mwisho wake hatuusemi, msije mkakosa ladha.

Lakini ndani ya banda shutuma haimuumizi mtu. Nje, katika masoko ya bara na ya pwani, ukelele mmoja wa “Mwizi!” hutosha kukusanya umati, na mtu akapoteza roho kabla ya kuulizwa jina. Majumbani nako, mfanyakazi hufukuzwa kwa pete inayokuja kuonekana chini ya godoro. Heshima iliyovunjwa hivyo hairudi kwa kuombwa radhi.

Wengine hudhani dawa ya shaka ni kupekua: simu ya mume, mkoba wa binti, mazungumzo ya jirani. Surat al-Hujurat imeyatenga mambo haya mawili. Imetuamrisha kuihakiki habari inayoletwa kwetu, na imetukataza kupelelezana. Anayehakiki huuliza waziwazi na kumsikiliza mtuhumiwa. Anayepeleleza huanza na hukumu, kisha akaitafutia ushahidi.

Basi enyi akina mama, mkitazama filamu ya namna hii na watoto wenu, isimamisheni katikati. Muulizeni kila mmoja: Unamshuku nani? Umeona nini kwa macho yako, na nini umekidhania? Kisha endeleeni hadi mwisho, mwone ni nani aliyedhulumiwa kwa dhana. Na siku kitu kitakapopotea nyumbani, yaulizeni maswali hayo hayo kabla ya kutaja jina la mtu.