Waigizaji wa kesho wateuliwa bila kuonekana wakiigiza

KILA Aprili, maelfu ya wanafunzi hukutana katika Tamasha la Kitaifa la Drama na Filamu, mashindano yaliyoanzishwa mwaka wa 1959 na ambayo hadi leo ni miongoni mwa majukwaa makubwa ya vijana nchini. Hushangiliwa, hutuzwa vikombe, na walio bora hualikwa kutumbuiza mbele ya Rais. Mcheza kwao hutunzwa. Lakini mwanafunzi huyo huyo wa Kidato cha Nne anapoomba nafasi ya kusomea uigizaji katika chuo kikuu cha umma, hakuna hata mtu mmoja anayetaka kumwona akiigiza.

Asasi ya kuwateua wanafunzi wa vyuo vikuu na vyuo anuwai, KUCCPS, iliyoundwa chini ya Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012, hutazama gredi ya KCSE na alama za masomo yanayohitajiwa na kozi. Aliyepata C+ na zaidi anafaa kuomba shahada. Aliyepungukiwa huelekezwa kwingine. Hivyo basi, msichana aliyeibuka mwigizaji bora katika eneo lake lakini akapata C hufungiwa mlango, ilhali mwenzake aliyetamani uanasheria anaweza kujikuta katika darasa la sanaa za maonyesho kwa sababu tu pointi zake zilimfikisha hapo. Mhadhiri naye hupokea orodha ya majina. Hukutana na sauti na miili ya wanafunzi wake siku ya kwanza ya muhula.

Haki itendeke: utaratibu huu una sababu nzito. Usaili huendeshwa na binadamu, na binadamu ana jamaa, rafiki na mfuko. Katika nchi ambamo nafasi za kazi za umma hulalamikiwa kila zinapotangazwa, mzazi wa Turkana au Kwale ana kila sababu ya kuamini kompyuta kuliko jopo la watu watatu waliofunga mlango jijini. Isitoshe, nauli ya kwenda kusailiwa ingemzuia maskini kabla hajatamka neno.

Hata hivyo, hofu hiyo haitoshi kuuhalalisha uteuzi wa kipofu. Vyuo vya uigizaji vinavyosifika ulimwenguni huanzia upande wa pili. RADA ya London, iliyoasisiwa mwaka wa 1904, huchukua takriban wanafunzi 28 wa shahada ya uigizaji kwa mwaka, na uamuzi hutegemea usaili wa awamu kadhaa, si alama za shule. Juilliard ya New York huteua waigizaji wapatao 20. Kwa kawaida mwombaji huandaa semi mbili za mhusika mmoja zinazotofautiana, moja ya tamthilia ya kale na nyingine ya kisasa, kila moja ikichukua dakika moja au mbili. Akimaliza, huenda jopo likamwambia arudie maneno yale yale kana kwamba anamnong'onezea mtoto aliyelala. Hapo hapimwi ukamilifu. Hutazamwa kama anafundishika.

Kwa Mkenya anayetaka kujaribu bahati huko, kikwazo cha kwanza ni kalenda. Vyuo vingi vya Marekani hufunga maombi karibu na Desemba 1, na vingi hudai video ya mchujo kabla ya usaili wa ana kwa ana wa Januari na Februari. Mtahiniwa wa KCSE wakati huo huwa ndiyo kwanza amemaliza karatasi zake, na matokeo hayatoki hadi Januari. Asiyeanza kujiandaa akiwa Kidato cha Tatu huwa amechelewa.

Kikwazo cha pili ni mafunzo yenyewe. Tamasha zetu hulea uigizaji wa ukumbi mkubwa: sauti ya juu, ishara pana, kundi linalokwenda kwa mpigo mmoja, na mwalimu aliyepanga kila hatua. Chumba cha usaili kina meza, watu watatu na mwombaji aliye peke yake. Anayeshiriki masimulizi au shairi la mtu mmoja amekaribia zaidi stadi hiyo, ingawa ni mchezo wa kuigiza ndio unaonyakua sifa zote.

Lupita Nyong'o hutajwa kila mara mjadala huu unapozuka, mara nyingi kwa haraka. Aliigiza Juliet katika jukwaa la Phoenix jijini Nairobi akiwa na umri wa miaka 14, akasomea shahada ya kwanza katika Hampshire College, kisha ndipo akafuzu shahada ya uzamili ya uigizaji Yale mwaka wa 2012, miaka miwili kabla ya kutwaa Oscar. Njia hiyo ndefu ingali wazi: tangu 2021 shule hiyo ya Yale haitozi karo.

Si kwamba serikali haitambui uzito wa jukwaa. Aprili 2025, polisi walirusha vitoa machozi Nakuru kwa sababu ya mchezo wa wasichana wa Butere, Echoes of War, licha ya Mahakama Kuu kuamuru uigizwe. Kisichotambuliwa ni kwamba uigizaji ni taaluma inayohitaji mlango wake wa kuingilia.

Suala hili sasa lina tarehe. Januari 2026, kundi la kwanza la Gredi ya 10 liliingia Sekondari Pevu, ambako sanaa na sayansi ya michezo ni mojawapo ya mikondo mitatu. Wizara ya Elimu ilikadiria kwamba mkondo huo utawavutia asilimia 15 ya wanafunzi. Wale watakaochagua somo la tamthilia na filamu watabisha hodi vyuoni mwaka wa 2029.

Jambo linalowezekana si gumu. KUCCPS iendelee kuweka gredi ya chini kabisa, kisha vyuo vipewe mamlaka ya kupanga waliofika hapo kwa video ya dakika mbili iliyorekodiwa kwa simu ya shule, isiyo na jina wala kaunti, na kutazamwa na wasaili wa vyuo tofauti. Hilo halihitaji nauli. Linahitaji kanuni, na kanuni hizo ziwafikie walimu kabla wanafunzi wa sasa hawajaingia Gredi ya 12 mwaka wa 2028.